Kete ya Kulia

Kompyuta ya ofisi yetu ilikaa katika chumba chenye baridi kuliko chumba kingine chochote Dar es Salaam, na kwa sababu yake nilikuwa msichana pekee wa Mtoni aliyetoka nyumbani asubuhi ya Januari na sweta mkononi. Majirani walidhani ni maringo. Kwa kweli yalikuwa maringo pia, maana sweta ningeweza kuliacha ofisini.

Kazi yangu ilikuwa kutoboa kadi. Mashine ile haikujua kusoma mwandiko wa mtu. Ilisoma matundu tu, na matundu hayo tuliyatoboa sisi, wasichana sita wa chumba cha kwanza, kutwa nzima tukigonga hadi masikio yanavuma. Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi kuliko wote, na kama kuna mwenzangu anayebisha, ajitokeze. Siku moja tu nilikosea tundu moja, na wakunga wa wilaya nzima wakatoka kwenye karatasi wakiwa wanaume. Mkuu wetu, mtu mrefu aliyesoma ng'ambo akarudi na kiko asichokiwasha, hakunigombeza. Alisema, "Mashine haikukosea, binti. Imefanya ulichoiambia." Maneno hayo yalinikaa kama mwiba wa samaki.

Chumba cha pili walikaa waandishi wa amri, yaani wale walioiambia mashine la kufanya, hatua kwa hatua. Siku hizi amri hizo mnaziita programu. Walikuwa wanaume wanne, na walikunywa chai saa yoyote waliyotaka. Nilikitamani chumba kile kama wenzangu walivyotamani harusi, na sikuona haya kusema. Basi mmoja wao akahamishiwa Dodoma, kiti kikabaki wazi.

Tuliokitaka tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa karani wa kupanga kadi, kijana wa Kinondoni kutoka ukoo wa Kiarabu wenye duka tangu enzi za babu zao. Tuliitana kaka na dada, na tulipendana kama kaka na dada, yaani kwa kuchokozana. Kwao walicheza sataranji vizazi na vizazi, ule mchezo wa mfalme na jeshi lake juu ya ubao wa miraba. Yeye ndiye aliyenifundisha, saa za chakula cha mchana, juu ya boksi la kadi. Alikuja kujuta.

Mkuu alikuwa amesoma kwenye gazeti la ng'ambo kwamba kompyuta za nchi mbalimbali zilikutanishwa kushindana sataranji zenyewe kwa zenyewe, watu wakizisogezea kete tu, hadi bingwa akapatikana. Habari ile ilimwingia. Alitusomea mara tatu. Alipotuita sisi wawili tulidhani atatupa mashine tuichezeshe.

"Mashine ya umma haichezi," alisema. "Lakini madaftari yapo. Kila mmoja wenu aandike amri zake kwenye daftari, kama angeiandikia mashine. Kisha atafute mtu wa kuzisoma na kuzitenda bila kufikiri. Madaftari yashindane michezo mitatu. Litakaloshinda, mwandishi wake anakaa kwenye kiti."

Huyo mtu wa kutenda tulimwita mkono. Masharti yake yalikuwa mawili: ajue kusoma, na asiingize akili yake. Mwenzangu alimchagua shangazi yake, mwanamama aliyecheza sataranji tangu hajavunja ungo, na hapo akawa ameshakosea. Mimi nilimchagua baba.

Baba yangu alikuwa mchongaji, Mmakonde wa Newala aliyekuja mjini na tezo lake na kitanda cha kamba. Mwaka wa Uhuru kila mtu alitaka kinyago cha mwenge. Katika haraka zile tezo likampitia, vidole viwili vikakakamaa, visikunjike tena. Akahamishia kazi zote mkono wa kushoto: kuchonga, kula, na baadaye kuandika. Kuandika kulikuja mwisho. Elimu ya watu wazima ilipofika mtaani kwetu, baba aliketi darasani pamoja na mama na wauza mkaa, na baada ya miezi kadhaa akawa anasoma kila kilichoandikwa: kuta, magunia, makopo ya maziwa. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya neno, na alichokisoma alikiamini. Ukuta ukiandikwa "Usikojoe hapa", baba aliondoka pale hata kama hakuwa na haja.

Sataranji hakuijua. Nilimfundisha kila kete inatembeaje, sikumfundisha kwa nini. Mkono bora kuliko huo sikuweza kuupata mjini kote.

Kete alizichonga yeye, nusu za mpingo na nusu za mninga, kwa kusimuliwa tu. Farasi hakuwahi kumwona, kwa hiyo tulipata punda wanne wazuri sana. Mfalme alikataa kabisa kumchonga. "Wafalme si tumeshawaondoa?" aliuliza, akachonga mzee mwenye kofia na mkoba wa makaratasi, nasi tukamwita Mwenyekiti. Malkia akawa Mama Mwenyekiti, na kama kawaida ndiye aliyefanya kazi zote.

Amri zangu zilikuwa kumi na mbili. Ya kwanza: Mwenyekiti akitishwa, mwokoe kabla ya jambo lolote. Ya pili: ukiweza kula kete ya mwenzako bila kuliwa, kula, ukianza na kubwa. Ya tatu: kete yako ikiwindwa, iondoe. Ziliendelea hivyo hivyo, na jinsi nilivyozipenda ungedhani nimezizaa. Wiki mbili nilimfanyisha baba mazoezi uani, na hakunisaidia hata mara moja. Nikimwambia, "Baba, hapo ungeona tu kwamba punda ataliwa," ananijibu, "Mie nimeona. Daftari halijaona." Nikarudi kuandika upya.

Mashindano yalifanyika kwetu, Jumapili, kwa sababu ubao na kete vilikuwa vyetu na mama aliahidi pilau. Mchele wa pilau ile ulikusanywa kikombe kwa kikombe, nyumba kwa nyumba, kwa hiyo nyumba zote zilizochangia zilikuja kutazama. Balozi wetu wa nyumba kumi naye alikuja, kuuliza kama hii ni kamari. Mkuu akamweleza kwamba ni madaftari mawili yanayoshindana kufikiri. Balozi akayatazama madaftari, akatutazama sisi, akaomba kiti.

Shangazi aliingia na buibui lake na birika la kahawa ya tangawizi, akasalimiana na wazee, akakaa. Daftari la mpwa wake lilikuwa na tamaa; karibu kila amri ilisema kula. Hatua ya sita akasoma kwa sauti, "Kula askari kwa malkia," akashusha daftari, maana kete kubwa kuliko zote ilikuwa inapelekwa hatarini kwa ajili ya iliyo ndogo kuliko zote.

"Astaghfirullah. Mie nifanye hivyo, na watu wananiona?" Akasogeza punda.

Mkuu, aliyekuwa na nakala za madaftari yote mawili mapajani, akasema kwa upole, "Shangazi, daftari halikusema hivyo."

"Najua lilivyosema. Limesema upuuzi."

"Basi fanya upuuzi."

Akamrudisha punda, akamsogeza Mama Mwenyekiti kwa ncha za vidole kama anayeshika panya aliyekufa. Tangu hapo mkuu akaamuru mikono yote miwili isome kimoyomoyo, ili maoni yasitoke. Baba akabaki kuchezesha midomo.

Mchezo huo wa kwanza walitushinda pamoja na upuuzi wao. Daftari langu halikuwa na amri hata moja ya kumhamisha Mwenyekiti kutoka katikati, akakaa pale kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni, hadi wakamfunga, akakosa pa kukimbilia, mchezo ukaisha. Mwenzangu alinitazama akainua nyusi. Nilimwonyesha ulimi, mbele ya mkuu.

Mchezo wa pili tamaa yao iliwaponza. Walikula mpaka wakavimbiwa, nasi tukawala wao. Tulikuwa mbele kwa kete nne nilipomwona baba ameweka mikono magotini na kutulia. Dakika zikapita. Kuku walipita chini ya ubao. Mkuu akauliza kuna nini.

"Daftari limenyamaza," baba akasema. "Linasema sogeza askari asiye na mtu mbele yake. Wapo wawili."

"Si usogeze yeyote tu, Baba," mama akasema kutoka jikoni, "wali unaungua huku."

"Yeyote hajaandikwa."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini mkuu alicheka mpaka kiko kikadondoka. Akahesabu kete, akasema mchezo ule ni wetu, tukawa sare, mmoja kwa mmoja. Kisha akasema kabla ya mchezo wa tatu kila mmoja ana ruhusa ya kuongeza amri moja, moja tu, na afanye haraka kwa sababu ya mama. Nikalinyakua daftari la baba, nikaandika mwishoni, nikiwa nimesimama: Hatua mbili zikilingana, chagua ya kulia. Nakala ya mkuu sikuigusa. Nilidhani nimemaliza mambo yote duniani.

Mchezo wa tatu ulikwenda sawa kwa sawa, na uani watu wakaacha mzaha. Hata shangazi alitii, ingawa kila hatua ilimuuma na tulisikia. Mimi nilikaa nyuma ya baba nikiwa nimekunja sweta langu mapajani. Nilijua kwamba kesho yake ama ninaingia chumba cha pili, ama ninarudi kwenye matundu hadi niote mvi, kwa sababu kiti kama kile hakikuwa kinatoka kila mwaka, na kwa msichana hakikuwa kimetoka hata mara moja.

Ikafika hatua moja ambayo mpaka leo naweza kuipanga nikiwa nimefumba macho. Punda wa adui aliingia hadi kwenye mstari wetu wa nyuma, akasimama katikati ya ngome zangu mbili, zile kete za pembeni. Ngome yoyote kati ya hizo ingeweza kumla. Ya kushoto ikimla, tumeshinda, maana adui hana tena cha kutufanya. Ya kulia ikimla, inaacha mlango wazi, na Mama Mwenyekiti wao anaingia na kumfunga Mwenyekiti wangu hapo hapo. Hatua mbili zinalingana. Na daftari, kwa mwandiko wangu mwenyewe ambao wino wake haujakauka, linasema chagua ya kulia.

Nilikuwa nimejichimbia shimo kwa haraka ya pilau. Midomo ya baba ikacheza polepole: ku-li-a. Akatazama mikono yake miwili juu ya magoti, huu, kisha huu. Akainua ngome ya kushoto, akamla punda.

Nilijua amekosea, nikanyamaza. Naliandika hili bila kulipamba: kosa lilikuwa la faida yangu, na mdomo wangu, ambao haukuwahi kukosa la kusema tangu nizaliwe, ulikosa. Hatua tano baadaye Mwenyekiti wao alikuwa amefungwa pembeni, mama anapiga vigelegele na mwiko mkononi, balozi anapeana mikono na kila mtu kama aliyeshinda yeye. Shangazi alisema, "Nimeumwa kichwa kwa utiifu." Mwenzangu alinipa mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi, na alitabasamu hata hivyo, nami nikamchukia kidogo kwa ungwana wake.

Tukanawa, tukakaa mkekani kuzunguka sinia. Pilau ile ilinukia hadi barabara ya Kilwa. Baba alikaa mkabala na shangazi, akamega kama alivyomega miaka yote tangu Uhuru. Shangazi akamtazama, akavumilia matonge mawili, la tatu likamshinda.

"Kaka, uniwie radhi, si unatujua sie watu wa pwani. Mbona unakula kwa mkono wa kushoto?"

"Huu ndio wangu wa kulia, dada," baba akasema, akiuinua mkono wa kushoto wenye mafuta. Kisha akaonyesha ule wenye vidole vilivyokakamaa. "Huu mwingine silii kitu. Mkono wa kulia si ule unaolia chakula?"

Watu walicheka, na yeye akacheka nao. Mimi nilikuwa na tonge mkononi, likabaki hapo hapo. Baba hakuwa amekosea. Niliandika kulia, naye akatazama mkono anaolia, akautii. Miaka yote nimekaa na mtu huyu, nimekula naye sinia moja, na sikuwahi kujua kwamba kulia kwake ni kushoto, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale nikimhukumu moyoni kwa kosa langu, huku nakula ushindi wake.

Nikalirudisha tonge kwenye sinia.

"Mkuu," nikasema, "mchezo wa tatu si wangu." Nikaeleza yote: amri niliyoongeza, ngome niliyoikusudia, na kwamba niliona nikanyamaza.

Mwenzangu ndiye aliyeinuka, akafuta mkono, akaleta daftari na kulisoma. "'Chagua ya kulia.' Haikusema kulia kwa nani. Mzee ametii." Kisha akanigeukia. "Dada, ningekuwa mie ningekula pilau yangu nikanyamaza."

"Ungenyamaza," shangazi yake akasema, "nami ningekujua."

Mkuu hakutoa hukumu. Aliomba madaftari, akashukuru kwa chakula, akasema tuonane kazini.

Jioni ile iliyobaki ilikuwa mbaya. Baba alikaa kwenye kigogo chake, tezo pembeni, hachongi. Aliniuliza, "Nimekuharibia?" Nikamwambia hapana, hujaharibu kitu. Lakini alikuwa amenisikia kwa masikio yake nikisema mbele ya watu kwamba mchezo si wangu, na baba aliamini maneno. Aliutazama mkono wake uliokakamaa kama mtu anayemtazama mdeni wa siku nyingi. Niliumia kuliko kama ningeshindwa michezo yote mitatu.

Jumatatu mkuu alituita wote wawili. Daftari langu lilikuwa mezani, na neno "kulia" limezungushiwa wino mwekundu.

"Neno hili lina maana ngapi?" akaniuliza.

"Mbili. Upande, na kulia chakula."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Na kwa nini hukuandika 'kuume'? Lisingekuwa na utata."

Sijui nilipata wapi ujasiri, labda ni ile hali ya mtu aliyekwisha kupoteza. "Mkuu, chumba cha pili kimejaa kuume tayari. Nisingeliongeza kwa mkono wangu mwenyewe."

Mwenzangu alikohoa. Mkuu alikitoa kiko mdomoni, akakitazama, akakirudisha. Kisha akasema, "Nani ameshinda mchezo wa tatu sijui, na sitaki kujua. Lakini mtu aliyelitaja kosa la daftari lake mwenyewe akiwa ameshashinda ni mmoja. Kiti kile kazi yake ndiyo hiyo, kutwa nzima. Hamisha vitu vyako." Akamwambia mwenzangu asikate tamaa, Dodoma bado inahitaji watu. Na kweli, kiti kingine kilipobaki wazi alikuja kukaa pembeni yangu, na hajaacha kuniambia kwamba ninakalia kiti chake.

Siku ile nilifika nyumbani nikiwa nimevaa sweta, juani, jasho linanitiririka, nimesahau kulivua. Baba alikuwa kwenye kigogo chake vilevile.

"Baba, nimepata kiti."

Hakuruka wala hakupiga makofi. "Na mkono wangu?" aliuliza. "Wamesemaje juu ya mkono?"

Nikampa daftari, kwa sababu mkuu alikuwa ameandika kitu chini ya ule wino mwekundu na nilitaka akisome mwenyewe. Akaweka kidole. Alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama darasani. "Ku-li-a kwa na-ni?" Akatikisa kichwa kukubali, swali hilo aliliona la haki. Akashuka mstari wa pili. "Mko-no ha-u-na ko-sa."

Akarudia tangu mwanzo wa mstari, kuhakikisha kwamba ndivyo lilivyosema. Mkono hauna kosa. Mama akatoka jikoni kutazama kulikoni, akasimama mlangoni.

Nilimwambia mkuu neno lile lina maana mbili, na kwamba nina hakika. Maana ya tatu baba alinionyesha pale kwenye kigogo, mtu ambaye sikuwahi kumwona akitoa chozi, hata siku tulipomzika bibi. Alilia bila kujificha, daftari likiwa wazi mapajani. Alipomaliza akajifuta macho kwa mkono wake wa kulia, ule wa kushoto.